Marehemu ameacha madeni: nani analipa, kwa mali ipi, kwa utaratibu gani

Mazishini, baada ya wasifu wa marehemu kusomwa, msemaji wa familia hutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Ni tangazo la heshima na lina faida, kwa sababu madeni mengi ya mkono kwa mkono hayajulikani mpaka hapo. Taabu huanza jioni. Watu wanne wamemweka kitimoto mtoto mkubwa wa marehemu, kila mmoja na daftari lake, naye macho yamemvimba kwa kulia, anaanza kuahidi: "Nitalipa mzee, nipe mwezi mmoja."

Asiahidi. Kwa sheria za Tanzania Bara, deni la marehemu ni mzigo wa mali aliyoiacha. Si la mtoto, si la mjane, si la kaka yake. Hulipwa kutoka kwenye mali hiyo, kwa mkono wa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kabla warithi hawajagawana chochote. Mali ikiisha na deni likabaki, mdai hana mrithi wa kumfuata. Lakini na mrithi naye hana ujanja: mali ikiwepo, hawezi kusema "hayo kafa nayo mwenyewe" halafu akahamia kwenye nyumba. (Zanzibar ina sheria na mahakama zake za mirathi. Mwongozo huu ni wa Bara.)

Siku za msiba: pokea, andika, usisaini

Mteueni mtu mmoja tulivu mwenye daftari. Kila anayekuja na dai aandikwe jina, namba ya simu, kiasi, deni lilitokana na nini, lilianza lini, na ana ushahidi gani. Akiwa na karatasi, ipigwe picha, karatasi yenyewe abaki nayo. Jibu ni moja kwa wote: "Tumelipokea dai lako, litapelekwa kwa msimamizi akishateuliwa." Hakuna haja ya ukali.

Kusaini ndipo watu wanaponaswa. Karatasi inayosema "mimi mtoto wa marehemu nalitambua deni hili na nitalilipa" inaweza kukugeuza wewe mwenyewe kuwa mdaiwa, hata kama marehemu hakuacha senti. Maofisa wa mikopo wanalijua hilo, hasa wale wa mikopo inayoitwa mtaani "kausha damu". Wengine huja na fomu tayari zimejazwa, eti ni "taarifa ya msiba" tu. Soma kila neno, au usisaini kabisa.

Mdai pia hana ruhusa ya kuingia ndani na kubeba televisheni, pikipiki au mbuzi kwa nguvu kwa sababu "tulishaelewana na marehemu". Bila amri ya mahakama huko ni kujichukulia sheria mkononi. Mwite mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na ikibidi polisi. Mali iliyowekwa dhamana kwa maandishi ina taratibu zake, tutazifikia.

Fedha za rambirambi ziwekeni mbali na kila kitu. Hizo si mali ya marehemu, kwa kuwa hakuwahi kuwa nazo. Watu wamewachangia wafiwa ili msiba uende. Mdai hawezi kuzidai kama sehemu ya mirathi, na familia isizichanganye na fedha za marehemu, maana zikishachanganyika hakuna atakayeweza kueleza kilichotumika kilitoka wapi. Daftari la michango na matumizi ya mazishi litunzwe vizuri. Litahitajika mahakamani kama kuna aliyelipia mazishi mfukoni mwake na anataka kurudishiwa.

Halafu kuna simu. Karibu kila nyumba kuna mtu anayejua namba ya siri ya marehemu, na usiku wa kwanza fedha zinatolewa "kwa ajili ya chakula cha waombolezaji". Nia inaweza kuwa njema kabisa, ila kisheria umegusa mali ya marehemu bila mamlaka, na wadai au warithi wenzako wanaweza kukudai uirudishe. Kadi ya benki ni hivyo hivyo. Laini ya simu msiizime wala kuitupa: ujumbe unaoingia, wa benki, wa mikopo ya simu, wa vikundi, ndio utakaowaonyesha marehemu alikuwa na nini na alidaiwa na nani. Simu ihifadhiwe na mtu mmoja, kwa kujulikana na wote.

Mapema kabisa, uliza kama mkopo una bima

Nimeiweka hatua hii hapa, kabla hata ya mahakama, kwa sababu ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Benki nyingi na baadhi ya SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) hukata bima ya mkopo siku ile mkopo unapotolewa. Mkopaji akifariki, bima inalipa salio kwa kufuata masharti ya mkataba. Marehemu huenda hakumwambia mtu, au mwenyewe hakujua. Aliona tu makato kwenye fomu.

Nenda kwenye tawi lililotoa mkopo ukiwa na cheti cha kifo, au kibali cha mazishi kama cheti hakijatoka. Toa taarifa kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Uliza maswali mawili: mkopo huu ulikuwa na bima? Muda wa kuwasilisha madai ni upi? Mikataba ya bima huweka ukomo wa siku za kutoa taarifa, na familia inayongoja arobaini ipite inaweza kukuta ukomo umeshapita. Benki inaweza kukataa kukupa taarifa za akaunti kwa kuwa bado huna hati ya usimamizi. Sawa, lakini haiwezi kukukatalia kupokea taarifa ya kifo.

Kwenye SACCOS na VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) uliza pia hisa, akiba na mfuko wa jamii wa marehemu. Kwa kawaida katiba ya kikundi huruhusu akiba kukata deni kwanza, kinachobaki kinaingia kwenye mirathi. Omba kuiona katiba yenyewe. Maneno ya mweka hazina pekee hayatoshi.

Cheti cha kifo, kisha msimamizi

Cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Bila hicho hakuna shauri la mirathi.

Familia hukaa kikao na kumpendekeza msimamizi, na muhtasari wake unasainiwa na waliohudhuria. Mahakama huzoea kuuomba. Hata hivyo kikao kinapendekeza tu, mwenye kuteua ni mahakama, na baba mdogo aliyechaguliwa na ukoo mzima hana mamlaka ya kuuza hata kuku wa marehemu mpaka ashike hati. Kama marehemu alikuwa na makazi yake eneo fulani na mirathi yake inaendeshwa kwa sheria za kimila au za Kiislamu, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo hilo kwa Fomu Na. I. Mahakama hutoa tangazo, mwenye pingamizi hujitokeza, na likipita salama msimamizi hupewa hati yake, Fomu Na. IV. Mirathi isiyo ya kimila wala ya Kiislamu hupelekwa mahakama za juu zaidi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352.

Nani apendekezwe? Mazoea ni kumchagua mkubwa. Palipo na madeni mengi mimi ningemtafuta anayejua hesabu, asiyeona haya kumwambia mjomba "hapana", na zaidi ya yote asiyemdai marehemu wala kudaiwa naye. Msimamizi ambaye mwenyewe alikopa kwa marehemu hatajiandika kwenye orodha.

Familia nyingine hukataa kufungua mirathi ili wadai wachoke. Haisaidii. Sura ya 352 inaruhusu mahakama kumteua hata mdai kuwa msimamizi pale wanaostahili hawajitokezi, na nadhani hakuna familia ingependa funguo za nyumba zishikwe na aliyemkopesha baba.

Orodha ya pande mbili

Msimamizi akishapata hati anaanza na orodha: mali upande mmoja, madeni upande wa pili. Upande wa mali usisahau waliokuwa wanadaiwa na marehemu: mpangaji aliyebakiza kodi, mwajiri ambaye hajalipa mshahara wa mwisho, mteja wa duka, ndugu aliyekopa. Kuzikusanya fedha hizo ni wajibu wa msimamizi sawasawa na kulipa. Upatu nao utazame vizuri. Kama zamu ya marehemu haikufika, michango aliyokwisha kutoa ni mali yake, muulize kijumbe. Kama alishapokea na raundi haijaisha, michango iliyobaki ni deni.

Kuna vitu vinavyofanana na mali ya marehemu lakini si vya kulipia madeni:

- Nyumba au kiwanja ambacho mume na mke walisajiliwa kama wamiliki wa pamoja wasiogawana hisa. Mmoja akifa, haki yote inabaki kwa aliye hai.
- Sehemu ya mtu mwingine kwenye mali ya ubia. Kinachoingia kwenye mirathi ni fungu la marehemu tu.
- Mafao ya wategemezi kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, ambayo hulipwa kwa waliotajwa na sheria ya mfuko kwa utaratibu wa mfuko wenyewe.
- Amana. Fundi cherehani aliyefariki na vitambaa vya wateja hakuviacha kama mali, vitambaa virudi kwa wenyewe.

Mjane ambaye jina lake halimo kwenye hati, lakini nyumba waliijenga pamoja, asikae kimya akisubiri ugawaji. Alieleze hilo mahakamani mapema, kwa risiti, mashahidi wa ujenzi, chochote alicho nacho, kabla nyumba haijaandikwa yote kuwa ya marehemu na kuwekwa mezani kwa wadai.

Kupima kila dai

Si kila aliyeandikwa kwenye daftari la msibani analipwa. Msimamizi anaweza kudai ushahidi, na ni wajibu wake kufanya hivyo, kwa sababu fedha si zake.

Mkataba wenye saini ni rahisi. Kwa madeni ya mdomo tafuta mashahidi waliokuwepo na alama za malipo: muamala wa simu siku ileile, ujumbe unaosema "nitakurudishia Ijumaa", jina kwenye daftari la duka. Ujumbe wa simu na taarifa za miamala vinaweza kupokelewa kama ushahidi kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Lakini kumtumia mtu fedha peke yake hakuthibitishi kwamba ulimkopesha. Huenda ndiye uliyekuwa unamlipa.

Angalia umri wa deni. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6 tangu siku haki ya kudai ilipoanza. Lililopita hapo mahakama haitalisikiliza. Tahadhari moja: deni likitambuliwa kwa maandishi na saini kabla ya muda kuisha, hesabu ya miaka inaanza upya. Ndiyo sababu nyingine ya kutosaini ovyo. Kuna familia zitakazotaka kulilipa deni la zamani kwa ajili ya roho ya marehemu, hasa Waislamu, ambao kwao deni halipungui uzito kwa kupita miaka. Hilo ni jema, ila warithi wote wakubaliane au anayetaka alipe kutoka fungu lake.

Riba nazo zikokotolewe kwa mkataba, si kwa namba anayoitaja ofisa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wadogo wanatakiwa kuwa na leseni na wako chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Omba leseni, mkataba na mchanganuo wa salio, utaona wangapi hawatarudi tena.

Wadhamini wana habari yao. Aliyemdhamini marehemu hatolewi na kifo cha mkopaji: benki inaweza kumfuata, naye akishalipa anakuwa mdai wa mirathi kwa kiasi alicholipa. Kinyume chake, kama marehemu ndiye aliyemdhamini mtu, mirathi yake inaweza kuguswa iwapo mkopaji ameshashindwa kulipa. Uliza hilo kwenye kikundi na kazini kwake, kwa sababu udhamini hauachi alama nyumbani.

Nani anatangulia

Mazishi ya kiasi hutangulia, kisha gharama za kusimamia mirathi yenyewe, halafu madeni. Wosia na ugawaji kwa warithi huja mwisho. Kwa mirathi ya Kiislamu mpangilio ni huohuo: maziko, madeni, wosia usiozidi theluthi moja ya kinachobaki, ndipo mafungu ya warithi. Neno "kiasi" kwenye mazishi lina uzito. Ng'ombe wawili, hema la gharama na video vikilipwa kwa mali ya marehemu aliyekufa na madeni, wadai wana haki ya kuvipinga.

Deni lenye rehani lina njia yake. Benki yenye rehani iliyosajiliwa juu ya nyumba inaweza kuifikia nyumba hiyo moja kwa moja, na wadai wengine watangoja kinachobaki. Lakini lazima itoe notisi ya siku 60 ya kutaka deni lililokwama lilipwe kabla haijachukua hatua. Siku hizo zitumie: kuna bima? Warithi wanaweza kuendelea na marejesho kwa makubaliano mapya? Tuuze wenyewe, maana mnadani bei huanguka? Chunguza pia kama rehani ilifungwa kihalali. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mjane ambaye hakuwahi kuridhia ana hoja nzito ya kupeleka mahakamani.

Mali isipotosha, kishawishi ni kumlipa kwanza anayepiga kelele zaidi, au ndugu. Usifanye hivyo. Wadai wasio na dhamana walipwe kwa uwiano. Tuseme baada ya mazishi na gharama zimebaki shilingi milioni 6, na madeni yaliyothibitishwa ni milioni 12. Kila mdai anapata nusu: wa milioni 8 anapata 4, wa milioni 3 anapata moja na nusu, wa milioni moja anapata laki tano. Msimamizi aliyemlipa shemeji yake yote na kuwaacha wengine mikono mitupu anaweza kutakiwa kufidia mfukoni mwake. Kabla ya kulipa mwiteni kila mdai, muonyesheni hesabu. Wengine husamehe sehemu, wengine wote. Msamaha uandikwe na kusainiwa palepale.

Kuuza ili kulipa

Anza na vinavyohamishika na visivyo na makazi ya mtu ndani yake: gari, pikipiki, mifugo, kiwanja kitupu. Nyumba wanamoishi watoto iwe ya mwisho. Mrithi akitaka kuiokoa anaweza kulipa deni kwa fedha zake na kiasi hicho kikahesabiwa kwenye ugawaji, mradi warithi wengine wamekubali kwa maandishi.

Ardhi yenye hati huanza kwa kuandikishwa jina la msimamizi kama msimamizi wa mirathi, kisha ndipo inahamishiwa kwa mnunuzi. Ya kijijini inapitia halmashauri ya kijiji. Msimamizi atafute bei kwa zaidi ya mtu mmoja, fedha zipite benki na si mkononi, na risiti ya kila mdai aliyelipwa iwe na neno "nimelipwa deni lote" pale linapolipwa lote. Mnunuzi naye ajihadhari. Akikutana na "mtoto wa marehemu" anayeuza bila hati ya usimamizi, aondoke.

Kupeleka hesabu

Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha Fomu Na. V, yaani orodha kamili ya mali na madeni, kisha Fomu Na. VI ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Chini ya Sura ya 352 orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Muda unaweza kuongezwa ukiomba. Usipoomba na usipopeleka, mahakama inaweza kukuondoa.

Warithi wanaruhusiwa kuziona fomu hizo na kuzipinga. Mkiona deni msilolijua, semeni hapo, kabla shauri halijafungwa.

Ukiwa bado hai

Yote haya hupungua sana kama mwenye madeni aliacha maandishi. Si lazima wosia wenye mbwembwe. Daftari lenye kurasa mbili linatosha kwa kuanzia: ninaowadai, wanaonidai, niliyemdhamini ni nani, mkopo upi una bima, mikataba iko wapi. Lisahihishe kila unapolipa au kukopa, maana daftari la zamani linaweza kumlipa mtu mara mbili. Namba za siri usiziandike humo.

Kwenye wosia unaweza kutaja ni mali gani iuzwe kwanza kulipa madeni, na hapo ndipo unapoiokoa nyumba. Wosia wa maandishi kwa sheria za kimila, kwa tangazo la serikali la mwaka 1963 lililoziandika sheria hizo, unahitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika kama mwenye wosia anajua, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui kusoma na kuandika ni wanne. Wa mdomo nao unahitaji wanne. RITA hupokea wosia na kuuhifadhi, na unaweza kuubadilisha ukiwa hai. Daftari la madeni libaki nyumbani, na mtu mmoja unayemwamini ajue liko kabati gani.